Je, Wajua? Kijiji Kilichojifunga Chenyewe

Je, wajua kwamba kuna kijiji kusini mwa Ufaransa ambako mkulima wa zabibu haruhusiwi kuvuna kwa mashine, haruhusiwi kumwagilia apendavyo, haruhusiwi kutia sukari kwenye maji ya zabibu, wala haruhusiwi kutengeneza mvinyo wa rangi ya waridi? Na je, wajua kwamba msingi wa makatazo hayo haukuwekwa na serikali, bali na wakulima wenyewe? Kijiji hicho kinaitwa Châteauneuf-du-Pape. Kina wakazi kama 2,000, na kiko kati ya miji ya Avignon na Orange, ukingo wa mashariki wa mto Rhône. Safu ya leo ni yake. Nawe usiyekunywa mvinyo usifunue ukurasa: habari hii ni ya udongo, mahakama na thamani ya jina, na haidai uonje kitu.

Jina lenyewe maana yake ni “ngome mpya ya Papa”, na Papa anayetajwa ni Papa hasa. Mwaka 1309 Papa Klementi V, ambaye kabla ya hapo alikuwa askofu mkuu wa Bordeaux, aliyaleta makao ya upapa Avignon. Mapapa saba walipokezana hapo hadi mwaka 1377, Gregori XI aliporudi Roma. Wa pili wao, Yohane XXII, ndiye aliyejenga ngome juu ya kilima cha kijiji ili apate pa kupumzikia mbali na joto na msongamano wa mjini.

Enzi hizo kijiji hakikuitwa hivyo. Kiliitwa Châteauneuf-Calcernier, kwa sababu ya mawe yake ya chokaa. Jina la Papa lilikuja kuwa rasmi mwaka 1893 tu.

Na ngome? Mwezi Agosti 1944, wanajeshi wa Kijerumani wakiwa wanarudi nyuma, waliulipua mnara wake. Upande mmoja ulianguka, upande wa pili ukabaki wima. Ukuta huo wa peke yake, wenye madirisha yanayotazama hewa tupu, ndio unaouona katika karibu kila picha ya kijiji.

Mwandishi Alphonse Daudet alipotunga hadithi ya nyumbu wa Papa, katika kitabu chake cha mwaka 1869, alimweka Papa wake wa kubuni kwenye mizabibu ya hapahapa, akienda kuitembelea kila Jumapili.

Je, wajua kwamba janga kubwa kuliko yote yaliyowahi kuipata mizabibu ya Ulaya lilianza kuonekana jirani kabisa na kijiji hiki? Ni filoksera, mdudu mdogo wa rangi ya manjano, jamii ya vidukari, anayefyonza mizizi mpaka mzabibu unyauke ukiwa umesimama. Aliingia na miche iliyoletwa kutoka Marekani. Miaka ya 1860 mashamba ya upande wa Roquemaure, ng’ambo ya mto tu, yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kufa, na hakuna aliyejua sababu. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon na wenzake walichimba mizizi wakamkuta mdudu mwenyewe. Dawa iliyofaa ilitoka kulekule ulikotoka ugonjwa: mzabibu wa Ulaya ukabebeshwa juu ya shina la Kimarekani, ambalo mizizi yake inamvumilia mdudu huyo. Mpaka leo sehemu kubwa ya mizabibu ya Ufaransa inasimama juu ya mashina ya kubebesha.

Janga hilo lilizaa janga la pili, na hili lilikuwa la binadamu. Mvinyo ulipoadimika, wachakachuaji walijaa sokoni. Palikuwa na mvinyo wa zabibu kavu zilizolowekwa, mvinyo wa sukari na maji, na mvinyo wa mbali uliobandikwa jina la karibu. Mwaka 1905 Ufaransa ilitunga sheria dhidi ya ulaghai wa bidhaa. Mwaka 1907 wakulima wa kusini waliingia barabarani kwa malaki, na damu ikamwagika katika mji wa Narbonne. Mwaka 1919 ikaja sheria nyingine, iliyomruhusu mkulima kwenda mahakamani kutetea jina la mahali bidhaa ilikotoka. Ilikuwa hatua, ila ilikuwa na tundu kubwa: ililinda jina la mahali bila kusema lolote kuhusu namna ya kulima. Uwe na shamba kijijini, upande zabibu yoyote, uzikamue hadi tone la mwisho, na bado ungeweza kuandika jina la kijiji kwenye chupa bila kuvunja sheria.

Châteauneuf-du-Pape kilikuwa kimeumia zaidi ya wengine, kwa sababu mvinyo wake ulikuwa na nguvu na rangi. Wafanyabiashara waliununua kwa mapipa, wakaupeleka kaskazini hadi Burgundy, ukatumika kuipa nguvu mivinyo myepesi ya huko. Wafaransa wana neno kwa mvinyo wa namna hiyo: waliuita mvinyo wa dawa. Mkulima alitoa jasho, na sifa ikaenda kwenye lebo ya mtu mwingine. Wakati huohuo, mvinyo usioijua njia ya kijiji uliuzwa kwa jina la kijiji.

Hapo ndipo anapoingia Pierre Le Roy de Boiseaumarié. Alizaliwa mwaka 1890, akasomea sheria, akarusha ndege za kivita katika Vita Kuu ya Kwanza, na baada ya vita akaoa katika familia yenye shamba la Château Fortia kijijini hapo. Mwaka 1923 wakulima walimwendea, yeye mwanasheria mwenye cheo cha ubaroni, wakamwomba aongoze kesi ya kulilinda jina lao. Alikubali, lakini kwa sharti: waanze wao kujisafisha. Kabla ya kumburuta mwizi wa jina mahakamani, kila mmoja wao akubali kufungwa na kanuni zilezile.

Naliona sharti hilo kuwa kiini cha habari yote hii. Ni rahisi kumtaka hakimu amzuie jirani. Kumwendea hakimu na kumwambia “tuzuie na sisi” ni jambo jingine kabisa.

Kanuni zenyewe zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na meno. Mipaka ya ardhi iwekwe. Aina za zabibu ziorodheshwe. Namna ya kupogolea na kutunza mizabibu itajwe. Mvinyo usipungue asilimia 12.5 ya kilevi, itokanayo na utamu wa zabibu zenyewe. Wakati wa mavuno, angalau asilimia 5 ya zabibu ichambuliwe na kutupwa nje. Mvinyo wa rangi ya waridi usitengenezwe.

Je, wajua mipaka hiyo ya ardhi ilipimwa kwa kitu gani? Kwa mimea miwili ya porini! Le Roy alitaka ardhi ya mvinyo iwe ile ambako lavenda na thaimu huota pamoja zenyewe, bila kupandwa. Lavenda ni ile yenye maua ya zambarau inayotiwa kwenye sabuni na manukato. Thaimu ni ile ya majani madogo inayotiwa kwenye supu na nyama. Zote mbili hupenda udongo mkavu, maskini, wenye mawe. Zinapokutana mahali pamoja, ujue ngano na mboga hazipapendi mahali hapo. Ardhi nono ya mabondeni, ambayo mkulima mwingine angeilipia ghali, ikaachwa nje. Ukitaka kuona akili ya mtu wa shamba, iko hapo: badala ya kubishana na wapimaji kwa ramani, acha mimea yenyewe itoe ushahidi.

Kesi haikuwa ya siku moja. Mahakama ya Orange ilitoa hukumu mwaka 1929, na mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa ikaithibitisha mwaka 1933. Hesabu mwenyewe tangu 1923: miaka kumi.

Miaka miwili baadaye, Julai 1935, Ufaransa iliunda kamati ya taifa ya kusimamia majina ya asili, kwa juhudi za seneta Joseph Capus, na Le Roy akiwa bega kwa bega naye. Tarehe 15 Mei 1936 majina ya kwanza yalitangazwa chini ya mfumo mpya, na Châteauneuf-du-Pape lilikuwamo, pamoja na Arbois, Cassis, Monbazillac na Tavel. Kamati hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa taasisi ya INAO mwaka 1947. Le Roy aliiongoza tangu mwaka huo hadi alipofariki mwaka 1967. Ukisikia leo kwamba jibini, siagi au dengu za Ufaransa zina jina linalolindwa pamoja na kanuni za uzalishaji, ujue INAO ndiyo inayosimamia.

Eneo linaloruhusiwa kutumia jina hili halikomei kijijini. Linagusa kata tano: Châteauneuf-du-Pape yenyewe, Bédarrides, Courthézon, Orange na Sorgues. Jumla ni takriban hekta 3,200.

Kila hekta isizidishe lita 3,500 za mvinyo. Kwa kipimo cha ekari, ni lita 1,400 hivi. Shamba likiwa na mizabibu 3,000 kwa hekta, basi kila mzabibu, kwa kazi yake ya mwaka mzima, unatoa lita moja na kitu: chupa moja na nusu. Maeneo mengi ya Ufaransa yanaruhusiwa kuvuna zaidi ya hapo, na mengine zaidi sana. Kwa nini mtu ajizuie kuvuna? Kwa sababu mzabibu uliolemewa na vichala hugawa utamu wake kwa wengi, na kila tunda linabaki na kidogo. Mkulima wa maembe anayepunguza matunda machanga mtini ili yaliyobaki yanone anaifahamu hesabu hiyo.

Sasa angalia chini. Katika mashamba mengi ya hapa udongo hauonekani kabisa. Umefunikwa na mawe ya mviringo, ya rangi ya kutu na maziwa, mengine yakiwa na ukubwa wa ngumi, mengine wa kichwa cha mtoto. Unajiuliza jembe linapita wapi. Mawe hayo ni ya kwazi, magumu, yaliyotoka milima ya Alps. Mto Rhône wa kale uliyaviringisha mpaka yakapoteza kona zote, kisha ukahama ukayaacha juu ya vilima. Mchana yanakunywa jua, na usiku, hewa ikishapoa, yanaendelea kurudisha joto kwa vichala vilivyoning’inia karibu na ardhi. Tena yanakinga unyevu wa chini usikaushwe na jua la Julai. Lakini si kila shamba liko hivyo. Château Rayas, mojawapo ya mashamba yenye sifa kubwa kuliko yote hapa, limekaa juu ya mchanga, na mvinyo wake mwekundu unatokana na zabibu ya Grenache peke yake.

Upepo wa huku unaitwa mistral. Unatoka kaskazini, lakini usiufananishe na kaskazi yetu ya jahazi na embe. Huu ni baridi na mkavu, unateremka bonde la Rhône kwa siku kadhaa mfululizo, na ukikasirika hupita kilomita 100 kwa saa. Wakulima wanaulaani, kisha wanaushukuru. Hukausha vichala baada ya mvua, na ukungu unaoozesha zabibu hukosa pa kukaa. Ndiyo sababu mizabibu mingi hapa haipandishwi kwenye nyaya. Hupogolewa iwe mifupi, kisiki kimoja chenye mikono inayofunguka juu kama kikombe, ili upepo upite bila kuvunja kitu. Mashine ya kuvunia haiwezi kuingia kwenye shamba la visiki vya namna hiyo. Na hata ingeweza, kanuni inakataa.

Kwa hiyo mavuno ni ya mkono, mara moja kwa mwaka, kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Oktoba. Mvunaji anainama, maana kichala kiko usawa wa goti. Anakishika kwa mkono mmoja, anakigeuza, anakitazama upande wa kivulini ambako uozo hujificha, kisha anakata kikonyo kwa mkasi. Kilicho safi kinaingia kwenye ndoo. Kilichooza, kilichoungua jua au kibichi hakiingii ndoo hiyo kamwe. Yale maneno ya mwaka 1923, kwamba sehemu ya mavuno lazima itupwe, yanatimizwa hapo, kichala kwa kichala, na mtu aliyepinda mgongo kutwa.

Je, wajua kwamba mvinyo mwekundu wa hapa unaruhusiwa kuwa na zabibu nyeupe ndani yake? Orodha ina majina 13: Grenache, Syrah, Mourvèdre, Cinsault, Counoise, Muscardin, Vaccarèse, Terret, Clairette, Bourboulenc, Roussanne, Picpoul na Picardan. Ukihesabu kila rangi peke yake, maana Grenache na Picpoul zina nyeusi, nyeupe na za kijivu, na Clairette ina nyeupe na ya waridi, unafika 18. Hakuna kipimo kinachosema kiasi gani cha ipi. Mmoja anatumia moja, mwingine anatumia zote. Château de Beaucastel linajulikana kwa kuzitunza zote 13. Hata hivyo Grenache ndiyo mama wa nyumba, ikishika sehemu kubwa mno ya mashamba. Zaidi ya asilimia 90 ya mvinyo wa hapa ni mwekundu, na mweupe ni kidogo.

Wa waridi haupo. Na ajabu ni hii: vuka mto, nenda mwendo mfupi tu, uko Tavel, ambako kanuni imepinduliwa kabisa. Kule kwa jina la kijiji unatengenezwa wa waridi tu, mwekundu na mweupe hauna ruhusa.

Ile asilimia 12.5 ya kilevi ilipoandikwa, ilikuwa mlima. Kuna miaka zabibu zilikuwa haziivi kiasi hicho, na kutia sukari ni marufuku, hivyo mvinyo wa mwaka huo ulikosa jina. Leo mambo yamegeuka. Joto limepanda, zabibu zinaiva mapema, na chupa nyingi za hapa husoma 14.5 au 15. Sasa kazi ni kuzuia nguvu isizidi. Na hapo zile zabibu za pembeni, kama Counoise, Cinsault na Picpoul, zilizokuwa zikibezwa kwa kukosa utamu mwingi, zimeanza kuangaliwa upya. Wazee walioziacha kwenye orodha mwaka 1936 waliwawekea wajukuu akiba bila kujua. Sheria ya maji nayo inabanwa na ukame: kumwagilia ni marufuku, ila kwa kibali hali ikiwa mbaya sana.

Je, wajua kwamba kijiji hiki kilitunga pia sheria ndogo ya kuzuia vyombo kutoka angani? Mwaka 1954 Ufaransa nzima ilikuwa ikizungumzia visahani vinavyoruka. Tarehe 25 Oktoba mwaka huo, meya Lucien Jeune alitia saini amri: ni marufuku kwa kisahani au sigara irukayo ya taifa lolote kupita juu ya eneo la kijiji, kutua au kupaa, kitakachotua kikamatwe mara moja, na mgambo wa kijiji asimamie utekelezaji. Miaka mingi baadaye mwanawe alieleza kwamba baba yake alitaka kijiji kitajwe magazetini. Kilitajwa, na kinatajwa bado. Miaka ya 1980 mtengenezaji mvinyo wa California, Randall Grahm, aliupa mvinyo wake jina la Le Cigare Volant, yaani sigara irukayo, kwa heshima ya amri hiyo. Mwaka 2016 meya mwingine aliulizwa kama ataifuta. Alikataa.

Ulinzi wa jina sasa umevuka Ufaransa. Mkataba wa TRIPS, wa haki miliki, ulioanza kutumika mwaka 1995 pamoja na Shirika la Biashara Duniani, una kifungu cha 23 kinachohusu mvinyo na pombe kali. Kinawataka wanachama wazuie jina la mahali lisibandikwe kwenye mvinyo wa mahali pengine, hata kama mtu ameandika ukweli pembeni, hata kama ameongeza maneno “aina ya” au “mtindo wa”. Kenya, Uganda na Tanzania ni wanachama tangu mwaka huohuo. Kifungu hicho hakiwalindi Wafaransa peke yao. Dodoma, inayovuna zabibu mara mbili kwa mwaka na yenye zabibu yake nyekundu iliyopewa jina la Makutupora, nayo ni jina la mahali. Ombi langu kwa wakulima wa huko na wataalamu wao ni kwamba siku mtakapokaa kuliandikia kanuni jina hilo, mwanze na yale mtakayojikataza wenyewe.

Mwisho, chupa. Tangu mwaka 1937 wakulima wa Châteauneuf-du-Pape wana chupa yao, nzito na nyeusi, yenye nembo iliyochomoza kwenye kioo chenyewe: taji la Papa na chini yake funguo za Mtakatifu Petro zilizopishana, na jina la kijiji limezunguka kwa herufi za kale. Haikuchapwa kwenye karatasi, kwa hiyo haibanduki. Ukikutana nayo dukani au uwanja wa ndege, pitisha kidole gumba juu ya mabega yake. Utazisikia funguo.